Nyota na karata zikikubaliana: Je, ni mashahidi wawili?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, makala yangu ya leo inatokana na swali nililoulizwa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Yawezekana kwa msomaji wa Kariakoo, Tanga au Mombasa, Rungwe Mpya ikaonekana ni mbali sana. Lakini utaona kuwa swali lenyewe halina umbali. Linaulizwa kila mji, na huenda limo ndani ya nyumba yako.

Aliyeniuliza ni kijana anayenunua maharage vijijini na kuyapeleka Kasulu mjini. Baada ya swala ya Ijumaa na darsa fupi alinivuta pembeni. Biashara yake ilikuwa imeyumba kwa misimu miwili. Akaenda kwa mganga wa kitabu, akaulizwa jina lake na la mama yake, akahesabiwa nyota, kisha akapigiwa ramli. Akaambiwa kuwa riziki yake imefungwa na mtu wa karibu, mwanamke, wa upande wa mama.

Kwa kutaka uhakika, yule kijana akaingia katika simu yake. Humo ana programu inayochukua tarehe ya kuzaliwa, inatoa nyota, halafu inapanga karata zinazoitwa taroti na kuzifasiri kwa mujibu wa nyota hiyo. Nayo ikamwambia ajihadhari na mtu wa karibu anayemchekea usoni huku ana jambo moyoni.

Akaniambia: "Shehe, yule ni mzee wa hapa Buha, hajui hata Kiingereza. Na hii ni mashine ya Wazungu. Hawajuani. Ikiwa wote wawili wamesema jambo moja, hao si mashahidi wawili? Na dini yetu si inakubali mashahidi wawili?"

Tayari alikuwa ameacha kula chakula cha mama yake mdogo, mwanamke aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki.

Ndugu zangu, hilo si swali la kijinga. Kijana huyu anafikiri. Anajua kuwa habari ya mmoja haitoshi na ametafuta wa pili. Kwa hiyo hastahili kukemewa tu na kuambiwa "haramu" kisha tukaondoka. Anastahili kuonyeshwa kwa nini mashahidi wake hawasimami. Nitajaribu kufanya hivyo kwa hatua.

NYOTA MBILI ZA MTU MMOJA

Kwanza tuangalie hiyo nyota. Katika nchi zetu zipo njia mbili za kumpa mtu nyota yake.

Njia ya kwanza ni ya tarehe ya kuzaliwa. Hii ndiyo iliyozoeleka katika magazeti na redio, na hapa Tanzania aliyeitangaza zaidi kuliko yeyote ni marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011. Mwaka umegawanywa mafungu kumi na mawili: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki.

Njia ya pili ni ya jina. Hii ni ya waganga wa kitabu, na wengi wao hutegemea kitabu kinachonasibishwa na Abu Ma'shar al-Falaki, mnajimu wa zama za Makhalifa wa Bani Abbas aliyefariki mwaka 886. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake kwa hesabu ya abjadi: alifu ni 1, be ni 2, mpaka kufikia 1,000. Mganga hujumlisha herufi za jina lako na za jina la mama yako, akagawa kwa 12, na kinachobaki ndiyo nyota yako. Ikibaki 1 ni Hamali, yaani Punda, ikibaki 2 ni Thauri, yaani Ng'ombe, na kuendelea.

Sasa tuchukue mfano. Kwa Waha na ndugu zao Warundi, pacha mkubwa huitwa Bukuru na mdogo huitwa Butoyi. Mapacha hawa wamezaliwa saa moja na mama mmoja. Kwa njia ya tarehe, nyota yao ni moja. Kwa njia ya jina, kila mmoja anahesabiwa herufi zake na anaweza kupata nyota tofauti kabisa na ya mwenzake. Je, mbingu ilikuwa na hali ngapi saa ile?

Lakini lipo kubwa zaidi. Tumhesabie Bukuru, mtoto wa Maryam. Maryam kwa Kiarabu ni mim, re, ye, mim: 40, 200, 10 na 40, jumla 290. Bukuru ni jina la Kiha, halina tahajia yake ya Kiarabu. Mwandishi mmoja ataandika kwa kuweka wau tatu: be 2, wau 6, kafu 20, wau 6, re 200, wau 6, jumla 240. Ukijumlisha na 290 unapata 530, ukigawa kwa 12 inabaki 2. Bukuru ni Ng'ombe. Mwandishi wa pili hataandika wau, ataweka dhumma tu: 2, 20 na 200, jumla 222. Ukijumlisha na 290 unapata 512, ukigawa kwa 12 inabaki 8. Bukuru amekuwa Nge!

Mtu ni yule yule, mama ni yule yule, mbingu ni ile ile. Kilichobadilika ni kalamu ya mganga. Na sijataja majina yenye sauti za "ch", "p" na "g", ambazo herufi za Kiarabu hazina, na kila mwandishi huzitafutia badala kwa rai yake.

Hata hiyo njia ya tarehe nayo haiko salama. Mafungu yale kumi na mawili yalipangwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mhimili wa ardhi huyumba taratibu, kiasi cha nyuzi moja kila miaka 72, na hivyo mahali pa Jua dhidi ya nyota kumesogea karibu fungu zima. Mtu aliyezaliwa tarehe 1 Aprili anaitwa Punda, lakini siku hiyo Jua huonekana mbele ya nyota za Samaki. Wanajimu wa Ulaya wakiulizwa hujibu kuwa wao wanahesabu misimu, kuanzia mwanzo wa majira ya kuchipua mwezi Machi, hawahesabu nyota zenyewe. Basi na wakiri kuwa hawasomi nyota. Na huku Buha mwezi Machi ni mvua za masika, hakuna majira ya kuchipua ya Ulaya. Wanajimu wa India hufuata nyota zenyewe, na kwa hiyo wao humpa mtu huyo huyo fungu jingine.

KARATA ZILITOKA WAPI?

Sasa tumgeukie shahidi wa pili. Karata za kuchezea zilifika Ulaya katika karne ya 14, na zinafanana na zile za Misri ya Wamamluki, zilizokuwa na vikombe, panga, sarafu na fimbo za mchezo wa farasi. Pakiti moja ya karata hizo za Misri imehifadhiwa mpaka leo katika jumba la Topkapi mjini Istanbul. Katika karne ya 15, huko kaskazini mwa Italia, wakubwa wa miji kama Milan na Ferrara waliongeza karata za picha: Mfalme, Gurudumu, Mauti, Mwezi, Jua na nyinginezo. Hiyo ndiyo taroti. Ina karata 78, ambazo 22 ni za picha na 56 ni za kawaida. Na kwa zaidi ya miaka mia tatu kazi yake kubwa ilikuwa ni mchezo, watu wakishindana mezani.

Ilikuwa mwaka 1781, mjini Paris, ndipo Antoine Court de Gébelin alipoandika kwamba karata hizi ni hekima ya siri ya makuhani wa Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi. Maandishi ya Misri ya kale yenyewe yalikuwa hayajasomeka, kwani Champollion alifumbua siri yake mwaka 1822, miaka 41 baadaye. Hata hivyo watu walipenda habari ile, na karata za mchezo zikawa karata za kuagulia.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye jibu la yule kijana. Mwaka 1888 kilianzishwa London chama cha siri cha mambo ya uganga, kilichojiita Golden Dawn. Hawa ndio waliozifunga karata na nyota kwa utaratibu unaotumika mpaka leo katika vitabu na simu. Walichukua karata 22 za picha wakazigawa: 12 kwa nyota kumi na mbili, 7 kwa sayari saba za wanajimu wa kale, na 3 kwa hewa, maji na moto. Kumi na mbili, saba na tatu ni ishirini na mbili. Ikatosha.

Lakini kulikuwa na tatizo. Katika karata za zamani, karata ya 8 ilikuwa Uadilifu, mwanamke aliyeshika mizani, na ya 11 ilikuwa Nguvu, mwanamke na simba. Kwa mpangilio wa nyota, Simba hutangulia na Mizani hufuata. Karata zilikuwa zinapingana na nyota! Walifanya nini? Walibadilisha namba. Nguvu ikawa ya 8 na Uadilifu ukawa wa 11. Na ndivyo zilivyochapishwa mwaka 1909 karata zilizochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya A. E. Waite, ambazo ndizo mashuhuri zaidi duniani.

Basi tuulize kwa insafu: mahakamani, mashahidi wawili wakitofautiana, kisha wakili akamfundisha mmoja abadili maneno yake yalingane na ya mwenzake, je, kadhi atasema sasa ushahidi umetimia? Karata na nyota zinakubaliana kwa sababu zilikubalianishwa.

NYUMBA YA MAADUI HAIKOSI MPANGAJI

Atasema msomaji: hayo ni ya simu. Yule mzee wa Rungwe Mpya je? Yeye hajawahi kusikia habari za London.

Ni kweli, lakini ramli yake ni ndugu wa damu wa zile karata. Ramli ni mchanga kwa Kiarabu. Mpiga ramli hupiga nukta mchangani au kwenye karatasi bila kuhesabu, kisha hufuta mbili mbili mpaka ibaki moja au mbili. Mistari minne ya namna hiyo hufanya umbo moja, na kwa kuwa kila mstari una nukta moja au mbili, maumbo yote yanayowezekana ni 16 tu. Maumbo manne ya kwanza huitwa mama, na kutokana nayo huzaliwa mengine. Maumbo kumi na mawili huwekwa katika nyumba kumi na mbili, na nyumba hizi zimechukuliwa moja kwa moja kutoka katika unajimu. Elimu hiyo ya ramli ilitafsiriwa Kilatini huko Hispania katika karne ya 12 na ikaenea Ulaya. Kwa hiyo mzee wa kitabu na mashine ya Wazungu ni wajukuu wa babu mmoja, waliopotezana njiani na kukutana tena katika mfuko wa kijana wa Kasulu.

Nyumba zenyewe ni hizi: ya kwanza ni nafsi yako, ya pili ni mali, ya tatu ndugu, ya nne baba na ardhi, ya tano watoto, ya sita maradhi, ya saba ndoa, ya nane mauti, ya tisa safari, ya kumi kazi na cheo, ya kumi na moja marafiki, na ya kumi na mbili ni maadui. Na wasomaji wa taroti, wanapotaka kuichanganya na nyota, hupanga karata kumi na mbili kwa duara, kila nyumba karata yake, kwa mpango huo huo.

Sasa zingatia. Kila ramli ikipigwa, nyumba ya kumi na mbili hupata umbo. Kila karata zikipangwa, nyumba ya kumi na mbili hupata karata. Haijawahi kuwa tupu hata siku moja. Mcha Mungu mwenye majirani wema akipigiwa ramli, atakuta nyumba ya maadui ina mpangaji. Mtoto mchanga akipigiwa, ataikuta ina mpangaji. Ubao huo haukutengenezwa uweze kusema: "Wewe huna adui." Na katika karata 78, karata 14 ni za jamii ya panga, na nyingi zake ni za ugomvi, huzuni na hila. Iliyomtokea kijana wetu ilikuwa Saba ya panga, mtu ananyata na panga tano mikononi. Mtu wa kuibiwa na kusalitiwa lazima apatikane.

Hii, ndugu zangu, ndiyo mashine ya kuzalisha kile ambacho Serikali yetu inakiita ramli chonganishi. Mganga hana haja ya kuwa mwovu. Ubao wenyewe unadai adui, na aliyekuja kuuliza ndiye anayemjaza jina.

Tunajua jambo hili limetufikisha wapi. Wazee wameuawa, hasa akina mama, kwa kutajwa au kudhaniwa. Ndugu zetu wenye ualbino walisakwa na kukatwa viungo. Januari 2009 aliyekuwa Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi kutokana na mauaji hayo. Januari 2015 Serikali ikatangaza tena kuwapiga marufuku wapiga ramli. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, enzi za Mwingereza. Na bado mkoa wetu wa Kigoma umekuwa ukisumbuliwa na watu wa kamchape wanaoingia vijijini kudai kufichua wachawi. Marufuku hazitoshi ikiwa mteja anabeba mpiga ramli wake mfukoni.

KWA NINI HUONEKANA KUSEMA KWELI

Kijana alinipinga: "Lakini Shehe, ilinielezea tabia yangu kama inayonijua."

Nikamwomba simu yake. Nikamsomea maelezo ya nyota nyingine kabisa, sikumwambia ni ipi. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema: "Hayo hayo, ndiyo mimi hasa." Nilipomwonyesha kuwa ni ya watu wa nyota nyingine, alinyamaza.

Jambo hili si la Kasulu peke yake. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia nchini Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani yameandikwa kwa ajili yake. Wakatakiwa watoe alama kutoka 0 hadi 5 kwa usahihi wake. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi moja, yenye maneno aliyoyatoa zaidi katika kitabu cha unajimu kinachouzwa barabarani! Na mwaka 1985 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambapo wanajimu walipewa nyota ya mtu na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yapi ni yake. Walipatia kiasi cha mara moja katika tatu, yaani sawa na mtu anayebahatisha.

Kisha kuna utabiri usioweza kupimwa. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2010, Sheikh Yahya, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitabiri kuwa mwana-CCM atakayechuana na Rais Kikwete kuwania uteuzi wa chama angekufa ghafla. Rais Kikwete akapitishwa bila mpinzani. Je, utabiri ulitimia au haukutimia? Huwezi kusema, na ndiyo sababu wenye kuamini waliendelea kuamini.

HOJA ZA WANAOTETEA

Wapo Waislamu wanaotetea mambo haya, na baadhi ni watu wa kitabu. Tuzisikilize hoja zao.

Hoja ya kwanza: Ramli ina asili katika Sunna. Wanataja hadithi ya Muawiya bin al-Hakam katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alitaja kuwa alikuwepo Nabii aliyekuwa akipiga mistari, na ambaye mstari wake utaafikiana na wa Nabii huyo, basi ni hivyo. Imam Nawawi ameifafanua: hatuna njia ya kujua kwa yakini kuwa mstari wetu umeafikiana na wake, na kwa hiyo hairuhusiwi. Hadithi hiyo imeweka sharti ambalo hakuna awezaye kulitimiza. Tena ni hadithi hiyo hiyo ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) anakataza kuwaendea makuhani.

Hoja ya pili: Falaki ni elimu ya Kiislamu. Hapa lugha yetu imetuchanganya, kwani tunaita falaki mambo mawili. Kuna hesabu ya mwendo wa Jua na Mwezi kwa ajili ya nyakati za swala, kibla na kalenda. Hiyo ni elimu, na Waislamu waliibeba kwa karne nyingi. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa mpima nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus. Na kuna kudai kuwa nyota zinaamua riziki na ndoa. Hiyo ya pili ilipingwa na wanazuoni, na hata na wanafalsafa kama Ibn Sina. Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim siku ambayo Jua lilipatwa, watu wakahusisha. Katika uchungu ule wa mzazi, alisimama akawafundisha kuwa Jua na Mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Angekuwa ni mtafuta sifa, angenyamaza tu.

Hoja ya tatu: Mbona mara nyingine husema kweli? Bibi Aisha (r.a.) ameipokea hadithi iliyomo katika Bukhari kuwa watu waliuliza swali hilo hilo, na jibu ni kwamba neno moja la kweli huchanganywa na uongo zaidi ya mia. Saa iliyosimama nayo ni sahihi mara mbili kwa siku.

Hoja ya nne ni ya vijana wa mjini: "Sisi hatuagulii, tunatumia karata kujitafakari tu, kama kioo." Hii inahitaji upole, maana kujitafakari ni jambo jema. Sayyidna Umar (r.a.) aliwausia watu wajihesabu nafsi zao kabla hawajahesabiwa. Lakini kioo huonyesha kilichopo mbele yake. Karata huleta kilichochorwa na mtu mwingine, kisha wewe unakitafutia mahali katika maisha yako. Kijana wetu hakuanza na shaka juu ya mama yake mdogo. Aliletewa nafasi ya adui, akazunguka katika ukoo wake kutafuta wa kuikalia. Anayetaka kujitafakari achukue kalamu na daftari.

Na ndivyo tulivyofanya. Tulilifungua daftari lake la biashara. Tukakuta maduka matatu yaliyochukua maharage kwa mkopo na hayajalipa. Tukakuta alinunua wakati bei iko juu na kuuza wakati mavuno mapya yameingia. Tukakuta magunia aliyoyaweka bila kukauka vizuri yakaliwa na wadudu. Nikamuuliza: "Mama yako mdogo ameingia ukurasa wa ngapi?" Hakujibu. Mpaka naondoka Rungwe Mpya, alikuwa bado hajaenda kumwona. Neno likishaingia baina ya watu, kulitoa ni kazi ngumu kuliko kukusanya deni.

TUMEPEWA NINI BADALA YAKE?

Waarabu wa zama za ujahilia nao walikuwa na karata zao, zikiitwa azlam, mishale ya kupigia kura. Mmoja una maana ya fanya, mwingine usifanye, wa tatu hauna kitu. Anayetaka safari, ndoa au biashara alichomoa mmoja. Allah (s.w.) ameiharamisha kura hiyo katika Surat al-Maida, aya ya 3 na ya 90, na ameitaja pamoja na ulevi na kamari. Mtume (s.a.w.) alipoingia Makka katika mwaka wa 8 Hijria, alikuta ndani ya Al-Kaaba picha za Nabii Ibrahim na Ismail wameshikishwa mishale hiyo, akaamuru zitolewe, na akabainisha kuwa Manabii hao hawakupata kuitumia kamwe.

Dini haikutunyang'anya mishale ikatuacha mikono mitupu. Ibn al-Qayyim ameeleza kuwa badala ya kura hizo tumepewa istikhara. Jabir (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'an. Ni rakaa mbili zisizokuwa za faradhi na dua, umwombe Mwenye kujua akuchagulie la kheri. Pamoja nayo ni kushauriana na wenye ujuzi wa jambo lenyewe.

Tazama tofauti. Ramli inakupa jibu na inakuondolea jukumu. Istikhara haikupi habari ya ghaibu. Inakuacha na jukumu lako, lakini haikuachi peke yako. Ramli inakuonyesha adui. Istikhara haina nyumba ya maadui.

Na hapa nitahadharishe: istikhara nayo imeanza kugeuzwa ramli. Wapo wanaofungua msahafu popote na kutazama neno, au wanaohesabu tasbihi, au wanaomlipa mtu awafanyie istikhara awaletee majibu. Hiyo siyo aliyoifundisha Mtume (s.a.w.). Ni azlam iliyovishwa kanzu. Istikhara unaswali mwenyewe, haina ada, na haihitaji ndoto.

Sasa nirudi kwenye neno la mashahidi wawili. Shahidi katika dini yetu ni mtu aliyeona au kusikia jambo lenyewe, na uadilifu wake unajulikana. Karata haikumwona mama mdogo akifanya jambo. Nyota haikumsikia. Mganga hakuwepo. Hata wangekuwa mashahidi kumi wa namna hiyo, ni sifuri kumi, na sifuri kumi ukizijumlisha ni sifuri. Katika Surat al-Hujurat tumeamrishwa tuihakiki habari tusije tukawadhuru watu bila kujua, na tukaamrishwa tujiepushe na dhana. Na mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, amehadharishwa katika Sahih Muslim kuwa hazikubaliwi swala zake za siku arobaini.

Nawaomba maimamu wa mijini na vijijini: kijana akija na swali hili, msimfukuze. Mwulizeni kwanza ni nani ametajwa. Huyo aliyetajwa, mara nyingi mama mtu mzima asiye na wa kumtetea, ndiye aliye katika hatari leo usiku. Mtembeleeni. Na wewe msomaji uliyeambiwa kuna mtu wa karibu anakuzibia riziki, kabla hujampa sura na jina, kaa na daftari lako, shauriana, swali rakaa mbili, kisha uende ukale chakula nyumbani kwao.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.